Doa Jeupe kwenye Ukucha si Upungufu wa Kalsiamu

Elimu kuhusu zebaki imezidi kufika kwenye mialo na makarasha (mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu) ya Kanda ya Ziwa, na sisi wa maabara tumeanza kuletewa bahasha za kucha ili tuzipime sumu hiyo. Ni jambo jema. Shida ni kilichomo ndani. Majuzi nilifungua moja yenye vipande kumi, miongoni mwake vinne vimepakwa rangi nyekundu, vitatu vina hina, na kimoja kimebeba udongo wa kuoteshea mchicha. Karatasi iliyoambatanishwa iliomba "vipimo vyote". Hakuna kipimo cha vyote.

Ukucha umejengwa kwa keratini, protini yenye salfa, na salfa hiyo hunasa arseniki na zebaki iliyomo kwenye damu wakati ukucha unaota. Ukucha wa mkono huota takriban milimita 3 kwa mwezi. Wa mguuni nusu ya hapo au pungufu. Kwa hiyo ncha unayoikata leo mguuni inaeleza yaliyokupata miezi mingi iliyopita. Inafaa kwa arseniki ya maji ya kisima, au zebaki inayotokana na kula samaki. Kwa anayechoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki na kuvuta mvuke wake, kipimo chetu cha kwanza ni mkojo. Tafadhali msituletee kucha peke yake.

Utaratibu ni huu. Acha rangi, hina na dawa za kuimarisha kucha hadi sehemu iliyopakwa iishe kwa kukatwa. Kama unatumia shampuu ya mba yenye seleniamu, tuambie, maana hupandisha namba ya seleniamu bila mwili kuhusika. Oga, sugua miguu, ikauke. Kata kucha za vidole vyote kumi vya miguu kwa kikatio kisafi cha chuma cha pua, weka vipande kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni unaotunza unyevu. Juu yake andika tarehe, kazi yako, chanzo cha maji na dawa unazotumia. Sisi tutaziosha kwa asetoni na maji yaliyoondolewa madini, tutazikausha, tutazipima uzito, kisha tutaziyeyusha kwa asidi ya nitriki. Bahasha isiyo na tarehe inakataliwa. Yenye rangi inakataliwa. Fomu isiyosainiwa inarudi ilikotoka, hata ukipiga simu mara tatu.

Kuhusu madoa meupe, ambayo watu huyaita upungufu wa kalsiamu: kalsiamu kwenye ukucha ni kidogo mno na siyo inayoupa ugumu. Doa moja moja mara nyingi ni alama ya kugonga kidole. Mistari myeupe inayokatiza kucha kadhaa kwa pamoja ni habari nyingine. Inaweza kutokana na sumu ya arseniki, lakini pia dawa za saratani au ugonjwa mkali. Hiyo ipeleke kwa daktari. Mashine ya stendi ya basi inayodai kusoma "madini yote ya mwili" kwa kushika kiganja haijagusa hata kipande cha ukucha, sembuse kukipima.

Mchenjuaji mmoja wa dhahabu aliuliza: majibu yakiwa mazuri, aendelee kuchomea dhahabu yenye zebaki nyuma ya jiko la mkewe? Hapana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na kuchomea kwenye makazi ya watu ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba unataka yakomeshwe. Halafu, baba, mvuke wa jana bado haujafika kwenye ncha uliyotuletea.