Tangu lini "College" ikawa chuo? Ya dirishani kwangu kuhusu sindano za balehe

Wiki iliyopita niliisikia klipu ileile ya WhatsApp mara ya nne ndani ya mwezi mmoja, safari hii kwa mama mmoja wa Sengerema. Binti yake ana miaka 6, alianza kuota matiti akiwa na 5, na kila baada ya miezi mitatu wanakuja kwenye dirisha langu la dawa hapa Mwanza kuchukua leuprorelini, sindano ya kusimamisha balehe. Zamu yao ilikuwa imepita wiki saba. Kivuko hakisingiziwi tena, daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, kwa hiyo nikauliza kulikoni. Akanipa simu. "Dokta, sikiliza mwenyewe. Chuo cha madaktari wa watoto wa Marekani kimesema hizi sindano zinageuza watoto jinsia, ziachwe."

"Madaktari wa watoto wa Marekani wamekataa." Hii ndiyo inayonimaliza. Klipu ile inatokana na tamko la Juni 2024 la American College of Pediatricians. Aliyeweka sauti ya Kiswahili aliona "College" akasema "chuo", basi mtu anajenga kichwani majengo, maprofesa na wodi. Hakuna chuo pale. Ni chama kilichoanzishwa mwaka 2002, baada ya chama kikubwa cha fani hiyo, American Academy of Pediatrics, kuunga mkono watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja kuasili watoto. Walioudhika walijitenga, wakafungua chao. Wanachama wao ni mamia. Academy ilianza mwaka 1930 na ina wanachama kama 67,000, na yenyewe haijakataa: mwaka 2018 ilitoa msimamo wa kuunga mkono huduma kwa vijana wa transijenda (wanaojiona ni wa jinsia tofauti na waliyozaliwa nayo), na Agosti 2023 ikausisitiza huku ikiagiza ushahidi upitiwe upya.

Chukulia wavuvi wa mwalo mmoja wamegombana na wenzao, wakakodi chumba Kirumba na kupachika kibao cha Umoja wa Wavuvi wa Ziwa Victoria. Ruksa, na huenda wamo wavuvi hodari. Lakini siku wakitangaza kwamba ziwa zima limeamua, mtu wa Mwanza atauliza mitumbwi ilihesabiwa na nani. Kwa nini swali hilo hatuliulizi likija kwa Kiingereza na koti jeupe? Mimi wateja wangu nawaambia wasome jina la kundi kama wanavyosoma tarehe ya dawa kuisha muda: nani, tangu lini, wako wangapi. (Wengi hata tarehe yenyewe hawaisomi, najua.)

"Sindano inageuza jinsia." Nina mzee wa Ukerewe mwenye saratani ya tezi dume. Anachomwa goserelini, ndugu wa karibu kabisa wa dawa ya yule binti. Naye klipu ilimfikia. Alisubiri watu watoke, akainama kwenye kidirisha: "Dokta, nitakuwa mwanamke?" Nikamwambia babu, utapata joto la ghafla usiku na hamu itapungua, ila mwanaume utabaki kuwa.

Dawa hizi zinanyamazisha ishara ambayo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma kwenye korodani au ovari. Kwa mzee, saratani inakosa homoni ya kuilisha. Kwa msichana aliyeanza kubalehe kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya 9, balehe inasimama ili mifupa isifunge mapema akaishia mfupi. Ukiacha dawa, balehe inaendelea ilipoishia. Kazi hiyo ya kuchelewesha balehe ya mapema inafanyika tangu miaka ya 1980. Kwa vijana wa transijenda dawa ni ileile, sababu ndiyo tofauti, na ubishi wote uko kwenye hiyo sababu.

"Ulaya imeshapiga marufuku." Nusu kweli, na nusu kweli ndiyo inayosumbua kuliko uongo mzima. Aprili 2024 ripoti ya daktari Hilary Cass ilisema ushahidi wa kutumia dawa hizi kwa vijana wa transijenda Uingereza ni dhaifu, na Desemba mwaka huo serikali ikazizuia kwao, walio chini ya miaka 18, bila kuweka ukomo. Sweden na Finland zilikuwa zimebana masharti mapema zaidi, bila kufunga mlango kabisa. Huo ni mjadala wa kweli, nami siwezi kuumaliza nikiwa nimesimama kaunta. Lakini zuio la Uingereza halimgusi mtoto anayebalehe mapema. Hata sheria ya jimbo la Tennessee inayozuia dawa hizi kwa vijana wa transijenda, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha isimame tarehe 18 Juni 2025 kwa kura 6 dhidi ya 3, inamruhusu mtoto kama huyo kupata sindano yake. Waliozuia wenyewe hawakumzuia binti wa Sengerema. Kamzuia nani? Kundi la WhatsApp la ukoo.

"Huko watoto wa miaka mitano wanakatwa." Hapana. Kabla ya balehe hakuna dawa wala kisu katika miongozo ya madaktari wa huko, na upasuaji wa sehemu za siri kwa kawaida husubiri utu uzima. Upasuaji wa kifua kwa baadhi ya vijana wakubwa umefanyika Marekani.

"Hao ndio huntha." Huntha na transijenda ni mambo mawili tofauti. Mtoto aliyezaliwa na jinsi tata ana hali ya kimwili inayochunguzwa tangu siku za kwanza, na baadhi yao tezi za juu ya figo hazitengenezi homoni za kutosha. Huyo anakunywa haidrokotisoni kila siku, na akikatishwa anaweza kupoteza chumvi mwilini na kufa ndani ya siku chache. Kama una mtoto wa hivyo na umetumiwa klipu, dawa endelea nayo, kisha njoo tubishane.

Yule mama tulikaa naye karibu saa nzima. Nesi alipochanganya ule unga na maji yake ukawa kama maziwa, mama akaomba kichupa akigeuzegeuze kwenye mwanga. Binti alilia kidogo, akapewa pipi. Wakiwa mlangoni mama akarudi: "Sasa kwenye kundi niwaandikie nini?" Nikamwambia aandike "2002" na "mamia", halafu anyamaze.