Je, wajua kwa nini tarehe 13 Julai ina wazaliwa mashuhuri na maafa ya mlimani kwa pamoja?

Ukisoma orodha ya matukio ya kihistoria ya tarehe 13 Julai, utakuta mambo mawili yasiyo na udugu yamekaa jirani. Kwa upande wa waliozaliwa yumo Wole Soyinka, mzaliwa wa Abeokuta, Nigeria, mwaka 1934, ambaye mwaka 1986 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yumo pia Ernő Rubik, aliyezaliwa Budapest mwaka 1944 na kubuni ule mchemraba wa rangi sita uliowatoa wengi jasho, pamoja na mwigizaji Harrison Ford, aliyezaliwa Chicago mwaka 1942. Kwa upande wa misiba umo ule wa mwaka 1990, ambapo wapanda mlima 43 walifukiwa na theluji kwa mpigo mmoja katika Kilele cha Lenin, safuni mwa milima ya Pamir.

Kwa upande wa wazaliwa, jibu ni hesabu tu. Dunia ina watu wapatao bilioni 8, na ukiwagawa kwa siku za mwaka, kila tarehe inapata takribani milioni 22, hivyo haiwezekani kukosa mashuhuri kati yao. Chagua tarehe yoyote uipendayo, uwe umezaliwa siku hiyo au la, nayo itakuwa na mwandishi wake, mvumbuzi wake na mwigizaji wake.

Vifo vya mlimani, hata hivyo, havisambai mwaka mzima kama uzazi unavyosambaa, na hapa ndipo penye jambo la kustaajabisha zaidi. Kilele cha Lenin, chenye urefu wa mita 7,134, kiko mpakani mwa Kirgizstan na Tajikistan za leo, nchi ambazo mwaka 1990 zilikuwa bado ndani ya Umoja wa Kisovieti. Huhesabiwa miongoni mwa vilele rahisi zaidi kupanda kati ya vile vinavyozidi mita 7,000, na kwa sababu hiyo huvuta watu wengi, lakini wengi hao huja Julai na Agosti, kwa kuwa baridi na dhoruba za miezi mingine hazivumiliki. Jioni ya tarehe 13 Julai, tetemeko la ardhi lililoanzia Afghanistan lilitikisa milima hiyo, likabomoa barafu iliyoning'inia juu, na maporomoko ya theluji yakashukia kambi iliyokuwa kwenye mwinuko wa takribani mita 5,300, ambapo watu walikuwa kwenye mahema yao. Kati ya watu 45 waliokuwapo, waliosalimika ni wawili tu. Wengi wa waliokufa walikuwa wa timu moja kutoka Leningrad.

Tetemeko halichagui mwezi. Lingetokea Januari, theluji ile ile ingeweza kuporomoka na kufukia mteremko mtupu, na pengine leo tusingekuwa na habari yoyote ya kuandika. Kilichoileta ajali kwenye kalenda ya Julai ni kwamba katika mwezi huo kulikuwa na mahema.

Ukiangalia milima mingine utaona mtindo huo huo. Everest hupandwa zaidi Mei, katika kipindi kifupi ambapo upepo mkali wa angani hupungua kabla ya monsuni kufika Himalaya, monsuni ambayo ni ya familia moja na kusi inayosukuma majahazi kutoka pwani yetu kuelekea Uarabuni na Bara Hindi. Haishangazi basi kwamba dhoruba iliyoua wapandaji 8 mwaka 1996 ilikuwa ya tarehe 10 na 11 Mei. Kwenye mlima wa K2 watu 11 walikufa mwanzoni mwa Agosti 2008, na kwenye Mont Maudit, katika Alpi za Ufaransa, maporomoko yaliua 9 tarehe 12 Julai 2012. Rudi kwenye Kilele cha Lenin chenyewe: Agosti 1974 wanawake 8 wa Kisovieti walikufa huko kwa dhoruba.

Hata kuipa ajali tarehe moja kuna ubishi wake, jambo ambalo orodha za kalenda hazilionyeshi. Tarehe 13 Julai 1865, Edward Whymper na wenzake sita waliondoka Zermatt, Uswisi, wakapiga kambi njiani, na kesho yake wakawa wa kwanza kufika kileleni mwa Matterhorn. Wakati wa kushuka kamba ilikatika na wanne wakaanguka na kufa. Kalenda huiweka ajali hiyo chini ya tarehe 14, ingawa safari yenyewe ilianza tarehe 13.