Kwa nini saratani ya utumbo mpana huwashika wengine mapema na kwa wingi zaidi?

Je, wajua kwamba Mmarekani mweusi na Mzulu wa kijijini hawana hatari sawa ya saratani ya utumbo mpana, ingawa asili yao ni Afrika? Marekani, weusi huugua karibu 20% zaidi ya wazungu na hufa karibu 40% zaidi. Vijijini Afrika Kusini ugonjwa huo ni nadra. Basi tusikimbilie kusema ni mambo ya damu na ukoo.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio moja zuri sana. Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini wa vijijini 20 walibadilishana vyakula kwa wiki 2. Kabla ya hapo, karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na polipu, yaani vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani. Waafrika hawakuwa nazo. Walipokula maharagwe na nafaka, utumbo wa Wamarekani ulitulia na kemikali ya utumboni mwao iitwayo butireti ikapanda zaidi ya mara 2. Waafrika walipopewa nyama na mafuta mengi, yao ilishuka kwa nusu. Butireti hutengenezwa na bakteria wanapochachusha nyuzinyuzi, nayo hulisha na kulinda ukuta wa utumbo. Hapa Bukavu nyuzinyuzi hizo zimejaa soko la Kadutu: sombe, lengalenga, maharagwe.

Lakini vifo vingi vya weusi Marekani vinatokana pia na kuchelewa kupimwa na kutibiwa.

Umri nao unashuka. Mwaka 1995, wagonjwa wa chini ya miaka 55 huko walikuwa 11%. Mwaka 2019 wakafika 20%. Ndiyo maana mwaka 2021 umri wa kuanza kupimwa ulishushwa kutoka 50 hadi 45. Mwigizaji Mmarekani mweusi Chadwick Boseman, nyota wa filamu ya Black Panther, alifariki kwa saratani hiyo mwaka 2020 akiwa na miaka 43.

Kwetu Kongo, zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 20, kwa hiyo usishangae kukuta vijana wengi kati ya wagonjwa. Kinachoniuma ni kijana anayeona damu kwenye choo, akaambiwa ni emoroidi (bawasiri), akanunua pomada famasi na kunyamaza miezi. Mwambie daktari akupime kwa kidole: uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa huguswa hivyo, bila mashine wala umeme.