Kupwelewa mwezi kumi na tano

Mzee mmoja aliyekuwa akisaka pweza alinikuta nimekaa ubavuni mwa ngalawa yangu, juu ya fungu la mchanga upande wa kisiwa cha Kwale, maji yamenikimbia pande zote. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akaitazama ngalawa iliyolalia mrengu mmoja, ule ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke, akanitazama mimi, akauliza, "Mwezi ngapi leo, mwanangu?" Nikajibu kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi kuandama. Akacheka, akaendelea kuchokoa matundu yake.

Nilitamani fungu linimeze, maana kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha ngalawa peke yao katika Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja. Wengi wakija huuliza upepo. Simu imeshawaambia kusi itavuma kiasi gani na saa ngapi, wameridhika. Lakini upepo ukikushinda unatua tanga. Maji yakikukimbia huna cha kutua.

Hesabu yenyewe wavuvi wetu wanayo kichwani. Huku Unguja, mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kiasi: maji hujaa kitu kama saa kumi, alfajiri na alasiri, hupwa kitu kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ongeza dakika 50 hivi. Ukifika mwezi nane umeingia kwenye maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, na mambo yamegeuka, yanajaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Siku za bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Maji mafu, mita 1 na ushei. Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar litakupa dakika na sentimita, nami nalitumia kila safari. Ila asiyejua leo ni mwezi ngapi akisoma mstari usio wake hashtuki.

Sasa, maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na kidogo. Igawe ile tofauti ya siku hiyo sehemu 12. Saa ya kwanza inaondoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ikiwa ya mita 3.6, sehemu moja ni sentimita 30, kwa hiyo katika saa ya tatu unapoteza sentimita 90, na katika ya nne 90 nyingine. Ngalawa yangu inazama majini kama nusu mita tu.

Siku ile maji yalijaa saa kumi alfajiri. Nilitoka Fumba saa kumi na mbili, nikafuatana na maji yanayotoka, upepo hafifu. Saa moja na dakika 20 mshono wa tanga ukaachia karibu na foromali, mti unaobeba tanga. Mkiwa wawili ni kazi ndogo: mmoja kwenye usukani, mwingine anashona. Mimi nikatia nanga pembeni mwa fungu, mahali maji yananifika kifuani, nikatua tanga, nikatoa sindano. Nilishona vizuri sana, tena kwa uzi maradufu. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa mbili na dakika 10 na chombo kimekalia mchanga. Nikaruka nikasukuma. Hakikutikisika.

Baada ya hapo hakukuwa na fumbo. Maji yangefika mwisho wa kupwa saa nne na robo, kwa hiyo yangerudi pale yaliponiachia saa sita na dakika 20 hivi. Zaidi ya saa 4 juani, na chai imekwisha. Dakika ile ilipopita kidogo tu, mrengu ukaanza kunyanyuka.

Tangu hapo, kazi yoyote ya kusimama naiweka kwenye saa ya kwanza au ya mwisho. Zile mbili za katikati ni za kusafiri, juu ya kilindi. Mahali pa maji mafupi napita yanapojaa, kwani hata nikigusa nangoja kidogo nanyanyuliwa. Na kuna kugusa ninakokuogopa kuliko kote: kileleni mwa bamvua kubwa, maji yakiwa yamejaa kabisa. Kesho yake hayafiki tena ulipo, wala keshokutwa, na chombo kinaweza kukaa hapo wiki 2 kikingoja bamvua nyingine, nayo iwe kubwa vya kutosha.

Mdomo wa ghuba nao una saa zake. Kusi inaingia kutoka kusini wakati maji yanayopwa yanatoka kuelekea huko huko. Vikikutana, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima, yanaingia ngalawani kabla hujayapanda. Upepo ule ule, maji yakijaa, bahari inalainika. Nimewahi kuona mwanafunzi akilaumu tanga lake kwa jambo hilo.

Ngalawani nimebadili vitu vichache. Henza, kamba ya kupandishia tanga, naifunga nyuma, mkono unapofika bila kuachia kana ya usukani, tanga litue kwa kufungua fundo moja. Demani, kamba ya kuongozea tanga, siifungi kabisa. Nimeizungusha nusu mzunguko, ncha iko mkononi. Upondo nimeuchonga alama kila dhiraa, unanisukuma na kunipimia kina kwa wakati mmoja. Nyuma naburuta kamba ndefu yenye chelezo, maana nikianguka hakuna wa kukigeuza chombo. Jaketi la kuokolea silivui, na vijana wa pwani wamechoka kunicheka.

Bamvua ina zawadi moja. Maji hupwa asubuhi ya saa nne, jua likiwa juu, na kila kipwa, mwamba wa maji mafupi, kinachokutisha kinakaa wazi mbele yako. Tembea kwa miguu njia utakayopita na tanga alasiri. Mimi nilipopwelewa nilifanya hivyo, nikaupata mlango mwembamba kati ya mafungu mawili ambao kwa miaka nilikuwa nauzunguka.

Kesho ni mwezi nane. Maji yatajaa karibu saa nne asubuhi, hayana nguvu, na huo mlango utakuwa na kina cha kunitosha au cha kuniumbua. Nitaingia saa tatu, yakiwa bado yanapanda, upondo mkononi.