Kumlipia mwombaji ada ya cheti si kumpa kazi ya polisi

Wengi hudhani polisi wa Uingereza walipowalipia waombaji ada ya cheti cha kujiunga, waliwashushia kigezo watu wa jamii za wachache. Sivyo. Kilicholipwa ni ada tu.

Chukua London. Miaka ya 2010, mwombaji alitakiwa kwanza awe na cheti cha maarifa ya upolisi, na ada yake ilifikia hadi kama pauni 1,000. Alilipa kabla hajajua kama atachukuliwa. Kijana wa familia maskini hakushindwa mtihani, hakuufikia kabisa. Ndiyo maana ruzuku ikawekwa kwa wakazi wa kipato cha chini.

Aliyelipiwa bado alipaswa kupitia usaili, vipimo vya afya, uchunguzi wa mwenendo, na mbio za kwenda na kurudi mita 15, ambazo kasi yake hupanda ngazi kwa ngazi, hadi ngazi ya 5.4. Sheria ya Usawa ya 2010 inaruhusu kuwasaidia wasiowakilishwa vya kutosha wafike mlangoni; kuwatengea nafasi kwa rangi yao hairuhusu.

Na ili kuwa polisi leo, shahada si lazima. Uanagenzi (kujifunza ukiwa kazini) wa miaka 3 humpa anayejiunga mshahara na shahada bila kulipa karo, na tangu 2024 ipo njia ya miaka 2 isiyo na shahada. Anayejilipia shahada ya upolisi kabla ya kuajiriwa ndiye wa kutahadharishwa: haimhakikishii ajira.