Frigo Yako Haikudhoofishwa na Sheria za Ulaya

Juma hili mteja wa mtaa wa Katuba ameniomba nimtafutie frigo kuukuu ili aachane na mpya aliyonayo, na sababu aliyonipa ni ile ile ninayoipewa kila mara: «Fundi, hizi za kisasa hazina nguvu, Wazungu walizipunguza kwa sheria zao za kubana umeme.» Ninaandika kwa sababu imani hii inawagharimu watu fedha. Kanuni za kubana matumizi hazipunguzi baridi. Zinapunguza umeme unaotumika kuleta baridi ile ile, nazo hupimwa kwa kudhani kwamba mashine, iwe frigo au ya kufulia, itapewa volti, maji na hali ya hewa inayostahili. Hapa Lubumbashi mara nyingi haipewi, kisha lawama inaiangukia mashine.

Frigo ya nyota nne ya mwaka huu inadaiwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwenye sehemu ya kugandishia, kama ilivyodaiwa ile ya miaka thelathini iliyopita. Hilo halikulegezwa.

Kuna mkanganyiko wa kibandiko cha herufi za matumizi ya umeme, ambao wauzaji wa vitu kuukuu vya Bulaya, yaani Ulaya, wanaufaidi sana. Mnamo Machi 2021 Umoja wa Ulaya ulifuta A+, A++ na A+++ kwenye frigo na mashine za kufulia, ukarudi kwenye ngazi ya A (bora kabisa) hadi G (ya chini kabisa) na kuikaza upya. Kwa hiyo frigo ya 2012 yenye A+ ingepimwa leo aghalabu ingeangukia F au G. Mnunuzi anaona A+ kwenye ile kuukuu na E kwenye ile mpya, anachagua kuukuu, na anaamini amepata bora. Ghana ilipiga marufuku uingizaji wa frigo zilizokwisha kutumika tangu 2013, na mimi ninaielewa.

Sasa nije kwenye volti, ambako ndiko kiini cha malalamiko kilipo. Kibati cha nyuma kinaandika 220 hadi 240. Jioni, mtaa mzima unapopika kwa majiko ya umeme, kipimo changu huonyesha 160 katika nyumba nyingi. Nguvu ya kuanzisha mota ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, haishuki sambamba na volti, bali inashuka kwa mraba wake: 160 ni asilimia 73 ya 220, na 0.73 mara 0.73 ni 0.53. Kompresa inatakiwa kuanza kuzunguka kwa karibu nusu ya nguvu yake, huku shinikizo la gesi inayoisukuma likiwa halijapungua hata kidogo. Inanguruma, haizunguki, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, klikso (swichi ya kuilinda na joto) inakata, na baada ya dakika chache inajaribu tena, usiku kucha. Asubuhi nyama imelainika na mwenye nyumba anasema frigo ni dhaifu. Kompresa ya zamani inatii kanuni hiyo hiyo ya fizikia. Iliwekewa tu mota kubwa zaidi kwa sababu kuta za frigo zilikuwa nyembamba na joto lilipenya kwa wingi. Kuta nene za leo ni zao la kanuni hizo zinazolaumiwa, na ndizo zinazotunza baridi umeme unapokatika. Kitabu cha frigo nyingi za kugandishia huandika ni saa ngapi zinapita kabla joto halijapanda kutoka −18 hadi −9 bila umeme. Katika mji wenye mgao wa umeme, ningeisoma namba hiyo kabla ya kusoma herufi yoyote ya kibandiko.

Frigo za invata, ambazo kompresa yake hubadili kasi badala ya kuwaka na kuzima, nazo zinalaumiwa kwamba hazizimi, eti kwa hiyo zinakula umeme. Tuchukue mfano: kompresa ya wati 150 inayofanya kazi saa 12 kwa siku inakula kilowati-saa 1.8, na ile inayozunguka polepole kwa wati 50 kwa saa 20 inakula 1.0.

Kwenye mashine za kufulia hasira ni juu ya programu ya eko, yaani ya kubana umeme, inayochukua saa tatu na zaidi. Mjerumani Herbert Sinner alieleza mwaka 1959 kwamba usafi wa nguo unatokana na vitu vinne: sabuni, msuguano, joto na muda. Ukipunguza kimoja, vingine viongezwe. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji kilowati-saa 0.7, na kuishia nyuzi 40 ni nusu yake, wakati kuzungusha pipa kwa saa moja zaidi kunakula umeme kidogo tu. Ndiyo maana muda umeongezwa. Kanuni ya Ulaya inadai pia kwamba programu hiyo isafishe kwa kiwango kilichowekwa, na tangu 2021 imeweka kikomo cha sabuni inayobaki baada ya kusuuza. Kwa volti 160, resistansi (kipasha maji) ya wati 2,000 inatoa kama wati 1,060, hivyo maji yanachukua muda maradufu kupata moto; saa hizo za ziada hazikuwekwa na sheria yoyote. Juu ya hayo kuna sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, ambayo povu lake jingi linakuwa godoro linalozuia nguo kusuguana, na pipa la maji lililowekwa juu ya paa la nyumba ya chini. Kimo cha mita tatu kinatoa shinikizo la baa 0.3, ilhali mashine nyingi zinadai 0.5. Mashine inasubiri maji, inachoka, inaandika kosa.

Je, kanuni hazijawahi kuharibu kitu? Zimewahi, na fundi anayekataa hilo hasemi kweli. Sheria ya Marekani ya 1992 ililazimisha vyoo vya lita 6 kwa kila kuvuta kuanzia 1994, na vile vya kwanza vilivutwa mara mbili mbili kwa sababu maji yalipunguzwa kabla bakuli halijasanifiwa upya. Mwaka 2007 jarida la Consumer Reports lilipima mashine za kufulia za kufungukia juu baada ya viwango kukazwa, na baadhi zilirudisha nguo karibu na uchafu wake wa mwanzo. Usanifu ulikuja kurekebishwa baadaye, lakini walionunua miaka ile walikuwa na haki ya kulalamika.

Nina mashaka pia kuhusu hali yetu. Kadi ya elektroniki ya invata inavumilia volti ndogo kuliko kompresa ya kawaida, ila umeme unaporudi kwa kishindo ndiyo inayoungua kwanza, na bei ya kadi moja inaweza kumeza akiba ya miaka. Ulaya inawalazimu watengenezaji kutunza vipuri vya mashine za kufulia kwa miaka 10. Wajibu huo haufiki Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia. Na mwenye kulipa ankara ya bei moja kila mwezi hapati faranga hata moja kwa kubana, ingawa jirani yake wa mwisho wa laini anaongezewa volti kidogo. Kwa invata, kifaa cha kulinda volti ninakihesabu kuwa sehemu ya bei ya frigo.

Jambo la mwisho kwa anayenunua: soma herufi za tabaka la hali ya hewa kwenye kibati. N ni kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, na T ni kwa 16 hadi 43. Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Julai baraza linashuka chini ya nyuzi 10. Frigo yenye termostati moja (kipima joto kinachoamsha kompresa), ikiwekwa huko, inaona sehemu ya chakula imekwisha kupoa, kompresa haiamshwi, na sehemu ya kugandishia inayeyuka katikati ya baridi. Iingize ndani ya nyumba mwezi wa Juni, au utafute iliyoandikwa SN-T, inayoanzia nyuzi 10.