Fedha ya simu haikai ndani ya laini

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, bado wapo wafanyabiashara wa dagaa wanaoamini kwamba fedha ya simu hukaa ndani ya laini, na kwamba kampuni ikifilisika, fedha hiyo huzama nayo kama mtumbwi uliotoboka. Hofu hiyo inaeleweka, kwani mbele ya kampuni kubwa mteja mmoja hana sauti; hata hivyo, msingi wake si sahihi. Laini humtambulisha mteja tu, ilhali salio ni kumbukumbu iliyomo katika mitambo ya mtoa huduma, na ndiyo maana aliyeangusha simu ziwani husajili upya namba yake na kulikuta salio lake. Muhimu zaidi, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, huitaka kampuni kuweka benki, katika akaunti maalumu ya udhamini iliyotengwa na fedha zake yenyewe, kiasi kinacholingana na salio la wateja wote. Kampuni hairuhusiwi kulipia madeni yake kwa fedha hizo. Makato, ambayo nadhani ndiyo kero halisi ya wengi, ni suala jingine.